Bunsen na Mwali Usio na Rangi

Mwaka huu wahariri wa jarida la chama chetu waliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuiaga dunia. Katika kazi kama hii wenzangu wengi hukimbilia wapigania uhuru na wafalme, nami sina ugomvi nao. Lakini mimi nimemchagua mtu ambaye sote tumelitamka jina lake tangu siku ya kwanza ya kuingia maabarani, tukaliwashia kibiriti, tukalichemshia maji, kisha tukalisahau kengele ilipolia. Ni Robert Wilhelm Bunsen, yule wa bunsen bana.

Sababu yangu ya kumchagua si ya fahari hata kidogo, lakini nitaisema. Nilipokuwa kidato cha tatu tulifanya mtihani wa vitendo wa kemia. Tulipewa unga mweupe usiojulikana, tuuweke kwenye ncha ya kijiko cha chuma, tuuingize katika mwali, tuandike rangi tuliyoiona. Mimi niliona njano. Njano iliyokoza, si ya kubabaisha! Nikaandika sodiamu kwa maringo, nikaweka kalamu chini, nikaanza kuwatazama wenzangu waliokuwa bado wanakuna vichwa. Kumbe ulikuwa ni unga wa potasiamu, ambao mwali wake ni wa zambarau hafifu. Nilipokwenda kulalamika, mwalimu aliniuliza swali moja tu: kama nilikisafisha kijiko kwanza. Sikukisafisha. Tena nilikuwa nimekishika ncha kwa vidole vyenye jasho. Jasho lina chumvi, na chumvi ina sodiamu. Basi ile njano niliyoiandika kwa mbwembwe ilikuwa ni jasho langu mwenyewe.

Mwalimu hakunigombeza. Alinipa kitabu kikuukuu cha historia ya sayansi, akaniambia nisome sura ya Bunsen, kwa sababu njano iliyonihadaa mimi ilimsumbua yeye pia miaka mingi. Nilikisoma kwa shingo upande siku ya kwanza. Siku ya pili nilikisoma mpaka taa za bweni zikazimwa. Baada ya hapo nikatafuta vingine.

Bunsen alizaliwa tarehe 30 Machi 1811 katika mji wa Göttingen. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja kama tuijuavyo, ilikuwa falme na vijimbo chungu nzima. Alikuwa kitinda mimba wa wana wanne. Baba yake alikuwa mkutubi na profesa wa lugha katika chuo kikuu cha papo hapo mjini, kwa hiyo kijana huyu hakuona vitabu kwa darubini kama baadhi yetu. Alijiunga na chuo hicho akiwa na miaka 17, na alipokuwa na miaka 20 hivi alikuwa tayari ni daktari wa falsafa. Serikali ikamlipia nauli azunguke, naye katika miaka ya 1832 na 1833 akazunguka kweli, sehemu kubwa kwa miguu: migodini, viwandani, katika maabara za Wajerumani wenzake, hadi Paris na Vienna. Hii ndiyo ziara ya masomo, si ile yetu ya kulala ndani ya basi.

Kazi yake ya kwanza iliyotajwa sana ilihusu sumu. Arseniki iliwaua watu wengi siku hizo, wengine kwa bahati mbaya, wengine kwa hila za jamaa zao. Mwaka 1834 yeye na daktari mmoja aliyeitwa Arnold Berthold walionyesha kwamba kutu ya chuma iliyotengenezwa upya, ikiwa bado mbichi na majimaji, huishika arseniki na kuifanya isiyeyuke. Mtu aliyelishwa sumu akipewa kutu hiyo mapema, sumu hupita tumboni bila kuingia mwilini.

Ungedhani mtu aliyevumbua dawa ya arseniki angekaa mbali nayo. La hasha! Mwaka 1836 alipata kazi ya kufundisha huko Kassel, na muda si muda akaanza kuchunguza jamii ya viowevu vyenye arseniki viitwavyo kakodili. Nimesoma maelezo ya vitu hivi na nywele zikanisimama. Vinanuka vibaya kupita kiasi. Baadhi yake huwaka vyenyewe vinapokutana na hewa. Ukivuta mvuke wake, mikono na miguu hufa ganzi, kichwa huzunguka, ulimi hupata utando mweusi. Bunsen alikuwa akivaa kinyago chenye mrija mrefu uliomletea hewa safi kutoka nje. Hata hivyo siku moja chombo kilimlipukia usoni. Kipande cha kioo kikampata jicho la kulia, na jicho hilo halikuona tena maisha yake yote. Mvuke nao ulimlaza kitandani siku nyingi akiwa kati ya uhai na mauti. Wapo wanaosimulia kwamba aliponywa na ile ile kutu yake ya chuma.

Alipopona alirudi kwa kakodili. Hapa ndipo mimi na Bunsen tungeachana njia! Alirudi akamaliza kazi yote, akaonyesha kwamba kundi la atomi linaweza kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine likiwa limeshikana, kama familia inayohama nyumba. Wanakemia wa wakati huo walikuwa wakibishana sana juu ya jambo hilo. Kisha, mnamo mwaka 1843, akaifunga milele sehemu hiyo ya kemia ya vitu vya kaboni. Wengine humlaumu kwamba aliacha shamba lililokuwa karibu kuvunwa. Mimi siwezi kumlaumu mtu mwenye jicho moja.

Miaka ya Marburg, kuanzia 1839 hadi 1851, nitaipitia mbio mbio, ingawa mtu mwingine angeandika kitabu kizima juu yake. Mwaka 1841 alitengeneza betri iliyotumia kaboni badala ya platini, ikawa rahisi kwa bei hata shule na mafundi wakaweza kuinunua. Alipima gesi zinazotoka kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma, akakuta zaidi ya nusu ya joto la kuni na makaa linapotea angani bure. Mwaka 1846 alikwenda Iceland baada ya mlima Hekla kulipuka, akapima joto la maji ndani ya shimo la chemchemi inayoruka. Alikuta kwamba maji ya chini yana joto kupita nyuzi 100 lakini hayachemki kwa sababu yamekandamizwa na uzito wa maji ya juu; yakisukumwa juu kidogo tu, uzito unapungua, yanachemka yote kwa ghafula na kuruka. Mliokwenda Ziwa Bogoria mkapiga picha mbele ya maji ya moto yanayoruka, sasa mnajua.

Mwaka 1851 alihamia Breslau, mji ambao leo uko Poland na huitwa Wrocław. Hakukaa hata miaka miwili. Lakini hapo alikutana na kijana mmoja wa fizikia, Gustav Kirchhoff, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 13. Bunsen alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mcheshi, sigara haimtoki mdomoni. Kirchhoff alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa hesabu. Wakaivana mara moja. Mwaka 1852 Bunsen alipoitwa kuwa profesa wa kemia huko Heidelberg, hakutulia mpaka Kirchhoff naye akaletwa huko, mwaka 1854.

Sasa tufike kwenye bana yenyewe.

Heidelberg ilikuwa inawekewa taa za gesi barabarani, na Bunsen alikuwa akijengewa maabara mpya. Akataka gesi hiyo iingizwe maabarani. Shida ilikuwa kwamba vichomeo vya siku hizo vilitoa mwali wa njano, wenye moshi, unaopeperuka, unaopaka chombo masizi. Mkitaka kuuona, fungeni matundu ya hewa ya bana yenu. Wazo la Bunsen lilikuwa hili: usingoje gesi ikutane na hewa juu kwenye mwali, ichanganye na hewa chini, ndani ya bomba, kabla haijawaka. Alimweleza fundi wa chuo, Peter Desaga, naye fundi akakaa akachonga, akatoboa, akajaribu. Mwaka 1855 kichomeo kikawa tayari, na mwali wake ulikuwa wa moto mkali usio na moshi na karibu usio na rangi.

Hapa naomba niwe mkweli hata kama nitamshushia shujaa wangu hadhi. Bunsen hakuanza kutoka pasipo kitu. Michael Faraday wa Uingereza alikuwa amekwisha kueleza kichomeo kinachokaribiana na hicho, na mikono iliyokitengeneza ilikuwa ya Desaga. Kama haki ingefuatwa sana, pengine tungekuwa tunasema desaga bana. Ila pia ni kweli kwamba Bunsen hakukisajili kama mali yake, wala Desaga hakufanya hivyo. Bunsen hakupenda kugeuza ugunduzi kuwa biashara. Watu wakakiiga kila mahali bila kumlipa hata senti, na ndiyo maana kilienea dunia nzima hadi kikatufikia sisi.

Lakini jambo ambalo sikuwahi kufundishwa, na ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya, ni kwa nini alitaka mwali usio na rangi. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya usafi tu. Kumbe mwali usio na rangi ni kama karatasi nyeupe. Ukiandika juu ya karatasi ya njano kwa wino wa njano, nani atasoma? Wanakemia walijua zamani kwamba chumvi mbalimbali huupa moto rangi: sodiamu njano, potasiamu zambarau, strontiamu nyekundu, bariamu kijani. Ila mwali wa njano uliwameza wote. Bunsen alipopata mwali mtupu, rangi zikajitokeza.

Hapo sasa ndipo alipokutana na shida yangu mimi. Sodiamu! Imo katika kila kitu. Kidogo tu cha sodiamu hufunika zambarau ya potasiamu kama tarumbeta inavyofunika sauti ya filimbi. Bunsen alijaribu kuutazama mwali kupitia kioo cha buluu na maji yaliyotiwa rangi ya nili, ili njano izuiliwe na nyingine zipite. Ilisaidia, ila kwa shida, maana jicho hukisia tu. Tena yeye alikuwa na jicho moja.

Siku moja, mwaka 1859, alimweleza Kirchhoff jinsi anavyohangaika na vioo vyake. Kirchhoff, kwa kuwa ni mtu wa fizikia, akamwambia asihangaike na kuzuia rangi; bora azitawanye kwa prizimu, kila moja ikae mahali pake. Wakaunda chombo. Walichukua sanduku la sigara, bila shaka la Bunsen, vipande viwili vya darubini kuukuu na prizimu moja. Mwanga wa bana uliingia upande mmoja kupitia ufa mwembamba, ukapita katika prizimu, ukatoka umetandazwa kama upinde wa mvua. Hicho ndicho spektroskopu.

Walichokiona si upinde kamili. Waliona giza, na ndani ya giza mistari myembamba inayong'aa. Sodiamu ilikuwa na mstari wake wa njano mahali pale pale kila mara, potasiamu mmoja mwekundu mwishoni upande huu na mmoja wa zambarau mwishoni upande ule. Changanya chumvi tano pamoja, na bado kila elementi inaonyesha mistari yake bila kuingilia ya jirani, kama alama za vidole kwenye vitambulisho vyetu. Njano ya sodiamu iko pale, inang'aa upendavyo, lakini haimfichi mtu tena.

Walifanya jaribio moja ambalo nililisoma mara mbili kwa furaha. Walilipua miligramu 3 tu za chumvi ya sodiamu katika pembe ya chumba, mbali kabisa na chombo chao. Baada ya dakika chache mwali wa bana, upande wa pili wa chumba, ukawa wa njano. Walipopiga hesabu waliona kwamba chombo kilitambua sodiamu iliyo chini ya sehemu moja ya milioni 3 ya miligramu moja. Kwa maneno mengine, vumbi la chumvi linaelea hewani wakati wote na kila mahali. Kwa hiyo jasho langu kwenye kijiko lilikuwa mlima mzima! Nilijihisi nimesamehewa kidogo.

Baadaye walielekeza chombo mbali zaidi. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja moto mkubwa uliwaka katika mji wa Mannheim, nao wakiwa dirishani kwao Heidelberg wakautazama kwa spektroskopu, wakaona mistari ya bariamu na strontiamu ndani ya ndimi za moto. Kama moto wa Mannheim ulisomeka, je, jua? Tangu mwaka 1814 Joseph von Fraunhofer alikuwa ameona mistari myeusi katika mwanga wa jua, akaihesabu mamia, na hakuna aliyejua maana yake. Kirchhoff alionyesha kwamba mistari miwili myeusi iliyo kwenye sehemu ya njano inakaa mahali hasa pa mstari wa sodiamu. Mvuke wa sodiamu ulio juu ya jua ulikuwa umemeza rangi yake wenyewe. Sodiamu ya chumvi ya mezani iko kwenye jua! Na hapo nyuma, mwaka 1835, mwanafalsafa Auguste Comte wa Ufaransa alikuwa ameandika kwamba wanadamu hawatajua kamwe nyota zimefanyizwa kwa vitu gani. Miaka 24 tu ikapita.

Bunsen mwenyewe hakuwa mtu wa nyota. Yeye alirudi kwenye chupa zake. Mwaka 1860 akiwa anachunguza maji ya chemchemi ya Dürkheim, aliona mistari miwili ya buluu iliyokaribiana ambayo haikuwa ya elementi yoyote aijuayo. Mtu wa kawaida angesema kijiko ni kichafu. Yeye alisema ni elementi mpya, kisha akajipa kazi ya kuitoa ndani ya maji. Aliyachemsha na kuyakausha maji hayo zaidi ya kilo 44,000. Piga picha: malori kadhaa ya maji ya kisima! Mwishoni alibaki na gramu 7.3 za chumvi ya elementi hiyo. Akaiita sesiamu, kwa neno la Kilatini lenye maana ya buluu ya mbingu. Mwaka uliofuata, 1861, akapata nyingine yenye mistari ya wekundu uliokoza, akaiita rubidiamu. Leo sekunde yenyewe hupimwa kwa sesiamu: tangu mwaka 1967 sekunde moja ni mitikisiko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi yake. Kwa hiyo ukichelewa gwaride la asubuhi, umechelewa kwa saa ya Bunsen.

Chombo hicho kikawa kama ufunguo mikononi mwa wengine. Taliamu ilipatikana mwaka 1861 na indiamu mwaka 1863. Mwaka 1868 mstari wa njano usiojulikana ulionekana kwenye jua, ikasemwa ni heliamu, gesi ambayo haikupatikana duniani hadi 1895. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba iko kwa wingi chini ya bonde la Rukwa, kwa jirani zetu Tanzania.

Je, hakuwa na kasoro? Alikuwa nayo, na kwangu ni kubwa. Hakupenda nadharia. Dmitri Mendeleev alifika Heidelberg mwaka 1859 akiwa kijana, akakuta maabara ya Bunsen haimfai, akajitengenezea yake chumbani alimopanga. Mwaka 1869 Mendeleev huyo huyo alitoa lile jedwali la elementi lililobandikwa ukutani maabarani kwetu. Naye Lothar Meyer, aliyelifikia wazo hilo hilo kwa njia yake, aliwahi kuwa mwanafunzi wa Bunsen. Pamoja na hayo yote, mzee hakulipa jedwali nafasi katika mihadhara yake. Jambo la kuchekesha ni kwamba galiamu, elementi ambayo Mendeleev alikuwa ameitabiri na ambayo kupatikana kwake mwaka 1875 kuliwafanya watu waliamini jedwali, iligunduliwa kwa spektroskopu.

Kisa kinachonigusa zaidi kilitokea mwaka 1874. Bunsen alikuwa na miaka 63. Alikuwa amefanya kazi kwa muda mrefu kupima mistari ya madini adimu, na mswada ulikuwa karibu kukamilika mezani. Akatoka kwenda matembezini. Juu ya meza palikuwa na chupa ya maji, jua likapita katika chupa kama linavyopita katika lenzi, likakusanyika juu ya karatasi, likaziunguza. Aliporudi alikuta majivu. Mtu aliyeufanya mwanga uzungumze, mwanga ukamchomea maandishi! Alivunjika moyo, nani asingevunjika? Kisha akaanza upya mwanzo hadi mwisho, akachapisha mwaka 1875. Mwaka huo huo Kirchhoff alihamia Berlin. Bunsen alikuwa amewahi kuitwa huko lakini akakataa kuondoka Heidelberg.

Moja ya madini hayo adimu liliitwa didimiamu, na watu walidhani ni elementi moja. Mwanafunzi wake mmoja, Carl Auer von Welsbach, alifika kutoka Austria mwaka 1880 akajifunza kwake kusoma mistari hiyo, kisha mwaka 1885 akaonyesha kuwa didimiamu ni elementi mbili. Moja ni neodimiamu. Auer huyo ndiye aliyebuni kile kifuko cheupe kinachong'aa ndani ya karabai, kwa kukiweka juu ya mwali wa namna ya Bunsen. Wanafunzi wenzangu wa kutoka kando ya Ziwa Victoria wataniunga mkono: omena ngapi zimevuliwa usiku kwa nuru hiyo?

Neodimiamu nayo ina kisa chake. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960, na muda mfupi baadaye ikajulikana kwamba fuwele yenye neodimiamu hutoa leza nzuri sana. Leo maprofesa wa kemia hutumia leza badala ya bana, na wanachokisoma si atomi peke yake bali molekuli. Atomi ina mistari michache iliyoachana. Molekuli hujizungusha na kutikisika, kwa hiyo ina mistari maelfu iliyobanana; kwa prizimu ya Bunsen ingeonekana kama ukungu tu. Mwanga wa leza una rangi moja karibu kabisa, na mtu anaweza kuisogeza rangi hiyo kidogo kidogo mpaka agonge kila mstari peke yake. Kutokana na mistari hiyo wanajua atomi mbili ndani ya molekuli zimeachana kiasi gani, au gesi gani chafu imo hewani hata ikiwa kiduchu. Ni ile ile kazi ya sanduku la sigara, ila ufa umekuwa mwembamba mno.

Bunsen alifundisha hadi mwaka 1889, akiwa na miaka 78. Hakuoa. Wanafunzi walimjia kutoka Uingereza, Urusi na Marekani, na wote walikumbuka vidole vyake vilivyozoea moto hata akashika vyombo vya moto bila kitambaa. Siku zote alipoeleza uvumbuzi alisema wamefanya, hakusema amefanya. Kirchhoff alitangulia kufa, mwaka 1887. Bunsen alibaki Heidelberg akisoma habari za miamba na milima ya volkeno, akafariki tarehe 16 Agosti 1899 akiwa na miaka 88.

Muhula uliopita mwalimu alinifungulia maabara saa za michezo. Nilikichovya kijiko katika asidi, nikakiweka kwenye mwali, njano ikatoka. Nikakichovya tena. Njano ikapungua. Mara ya nne mwali ukabaki vile ulivyo, kama hakuna kitu ndani yake. Ndipo nikaweka ule unga mweupe. Njano ikachungulia tena kidogo, nikataka kukata tamaa, lakini mwalimu akaniwekea mbele ya macho kipande cha kioo cha buluu. Njano ikatoweka, na nyuma ya kioo ikabaki rangi moja tu, hafifu, inayotetemeka. Zambarau.